Mkeka wa Sifa na Shibiri ya Safari

Nilitoka Kasongo kwa sababu ya neno moja la Mama Kibibi. Neno lenyewe halikuwa tusi. Lingekuwa tusi ningelijibu palepale, maana kujibu ninajua. Alikuja kwetu kupanga harusi ya mwanawe na mjukuu wangu Sifa, akanywa chai, akasifu chai, halafu akasema kwa sauti ya kumpa mgonjwa pole: "Babu Amisi, kama mkeka wa kwenu haupatikani tena siku hizi, musijisumbue. Tutanunua wa plastiki sokoni. Iko na maua mazuri."

Wa plastiki! Nilitazama chini. Mke wangu Zaina alitazama juu.

Nieleze kwanza, msije mkapotea. Baba yangu alikuwa Mwislamu wa hapa mjini, wa zile familia zilizokaa Kasongo tangu wakati wa misafara. Mama yangu alikuwa Mubangubangu wa upande wa Kabambare. Kwao mama, msichana haendi kwa mume bila mkeka wa makindu, ile mitende ya pori inayoota kando ya mito. Na mkeka huo hausukwi na mtu yeyote tu. Unasukwa na dada ya baba yake au ya babu yake. Dada yangu mimi ni Mwamini. Amenizidi miaka sita, ndiyo sababu ninamwita yaya. Amebaki kijijini kwa mama, Kwa-Mulenda, mbele ya Kabambare, na binti zangu wote wameolewa juu ya mikeka yake. Zamani Zaina mwenyewe ndiye aliyekwenda kuichukua. Sasa magoti ya Zaina hayataki tena barabara.

Miezi mitatu nyuma nilikuwa nimetuma neno kwa yaya, kuomba mkeka wa Sifa na kumwambia Zaina hawezi tena kuja kuuchukua. Jibu halikuja. Zilikuja habari tu za watu wanaopita: macho ya Mwamini yameingia ukungu, Mwamini anashikwa mkono kwenda mtoni. Basi swali lilikuwa moja: mkeka uko au hauko? Kama hauko, Sifa ataingia ukweni na plastiki, na Mama Kibibi atakuwa amesema kweli. Mimi sipendi mtu awe na haki juu ya mambo ya kwetu, hasa akiwa amekunywa chai yangu.

Jumatatu asubuhi, harusi ikiwa Jumamosi ya juma la pili, nilipanda moto, yaani pikipiki, ya Pascal. Pascal ni motari, baba wa watoto watatu, Mkristo wa shamba za huku nje ya mji, anayejua kila shimo la barabara kwa jina. Zaina alinifungia wali na samaki ndani ya majani. Sifa alikuwa mlangoni, telefone mkononi.

"Babu, umusalimie bibi Mwamini. Umwambie ninakumbuka."

"Unakumbuka nini?"

Akacheka tu, akarudi kwenye telefone yake. Watoto wa mjini, nikasema moyoni. Wanakumbuka namba tu.

Barabara ya Kabambare ninaijua kwa miguu, siyo kwa matako. Miaka ishirini nilisukuma kinga, yaani baiskeli ya mizigo, humu. Si kupanda, kusukuma, maana kinga yenye madumu sita ya mawese na gunia la mchele haipandwi. Unaweka fimbo kwenye usukani, unashika nyingine nyuma ya mzigo, unasukuma siku nne, siku tano. Shuleni niliacha mwaka wa pili, mtaona wenyewe kwa maandishi haya, lakini kufunga mzigo hakuna profesa wa kunifundisha. Kamba ya mzigo wangu haikuning'inia hata siku moja. Tulikuwa na neno letu sisi wasukumaji: kamba inayoning'inia ni mtu anayeanguka. Mlishike hilo, tutalikuta tena mbele.

Mchana tulifika kwenye daraja la magogo ambalo gogo moja limekwenda na maji. Pascal alisimama, akavua viatu.

"Mzee, shuka. Wewe uvuke kwa miguu, mimi nivuke na moto."

"Wakati wetu tulivuka hapa na madumu sita."

"Ndiyo, mzee, umekwisha kuniambia. Mara ya tatu."

Kijana hana adabu, lakini anaendesha vizuri.

Jioni tuliingia Kabambare, nikalala kwa Mathieu, mwenzangu wa zamani wa kinga. Tuliwahi kubeba pamoja mlango wa kanisa, yeye mbele mimi nyuma, Mwislamu ninasukuma mlango wa kanisa, watu wakatucheka njia nzima. Asubuhi ya Jumanne nilimwacha Pascal aende Salamabila na abiria wake wachimba dhahabu, tukapatana anikute Kabambare siku ya kurudi. Mimi nikashika njia ya miguu. Saa tatu za kutembea, kwa mzee saa tano.

Kwa-Mulenda nilimwona yaya kabla yeye hajanisikia. Alikuwa amekaa barazani kwake, miguu imenyooshwa, vidole vinakwenda. Sikuamini. Kichwa kilikuwa kimeinuliwa, kinatazama mashamba ya muhogo ambayo haoni, na chini vidole vinakwenda, juu, chini, mbili, moja, juu, kama panya wanaocheza ndani ya majani. Ukanda mrefu wa ukindu ulikuwa unatoka mikononi mwake na kujikunja pembeni kama nyoka aliyeshiba.

"Nani huyo anapumua kama mbuzi?" akauliza.

"Ni mimi, yaya. Amisi."

"Ah! Bado uko unasema? Nilifikiri mdomo umezeeka pamoja na magoti."

Tulicheka, tukalia kidogo, tukacheka tena. Halafu nikamwuliza habari ya neno nililotuma.

"Nilisikia," akasema. "Sikujibu kwa sababu nilikuwa ninafanya kazi. Ukitaka jibu, liko pale, likunjue."

Mkeka ulikuwapo. Kanda tisa zilikuwa zimekwisha, bado tatu na kushona. Nilizikunjua kanda chache kwenye jua, na ndugu zangu, niwaambie bila haya, mimi niliyebeba bidhaa za kila aina, sabuni, vitenge, bati za nyumba, sijawahi kubeba kitu kizuri kama kile.

Siku tano nilikaa pale nikitazama kazi. Kuna wanaofikiri mkeka ni majani tu. Wakae Kwa-Mulenda siku tano. Ukindu unakatwa ukiwa bado umefumba, haujaona jua. Ukisha kufunguka umechelewa. Unachanwa kwa ukucha, unachemshwa, unaanikwa mpaka uwe mweupe kama jino. Wekundu unatoka kwenye ngula, ule mti mwekundu, unasagwa juu ya jiwe na maji. Weusi ndio wenye akili: unachemsha ukindu na majani ya porini, halafu unauzika kwenye tope la bwawa siku tatu, unafukua, unaosha, ni weusi hata kesho kutwa ya kiama. Hakuna kitu kilichonunuliwa dukani. Hata sindano ya kushonea kanda ni mfupa wa mbuzi.

Mama wawili wa jirani walimsaidia yaya kushona. Rangi walimpangia kwa mkono wa kuume na wa kushoto, nyekundu huku, nyeusi huku, basi vidole vikahesabu vyenyewe. Mara moja tu alikosea. Akasimama, akapapasa, akafumua, akasuka upya.

"Hapa siafu walikuwa wamepotea njia," akasema. Ule mstari mweusi unaokwenda mishazari unaitwa njia ya siafu. Ulio mwekundu ni macho ya kanga.

Nikamwuliza: "Yaya, na wewe ukiondoka, nani atabaki na vidole hivi?"

"Vya Sifa vinajua. Alikaa kwangu misimu miwili alipokuwa mudogo, ule wakati mulimuleta huku kwa sababu ya bunduki."

"Sifa? Sifa anajua telefone tu."

"Amisi," akasema yaya, "wewe unaona vizuri kweli?"

Mimi nilikuwa nimekwisha kuanza kuupima mkeka kwa mkono. Mkeka wa harusi una urefu wa mikono minne, hilo hata wanaume wanalijua. Huu ulikuwa minne na shibiri moja.

"Yaya, umezidisha."

"Ni shibiri ya safari."

"Safari gani?"

Wale mama wawili wakatazamana, wakacheka midomo imefungwa. Nikaona ni mambo ya wanawake, nikaacha.

Jumapili asubuhi ya kuondoka, yaya aliukunja mkeka kwa mikono yake. Upande mmoja ulikuwa na pindo safi. Upande wa pili nyuzi za ukindu zilikuwa zimeachwa wazi, ndefu kama kidole, zinaning'inia zote. Yaya alikuwa ananiambia kitu. Na hapa, ndugu zangu, nisiwafiche. Nilikuwa ninamweleza jirani namna ya kufunga mzigo mrefu ili usipige matawi njiani, kwanza unapitisha kamba chini, unarudi juu, na nilikuwa nimefika mahali patamu pa maelezo. Nilisikia neno "ndevu". Nilisikia neno "mama mukwe". Mwishoni nikasikia, "Amisi, umesikia?"

"Nimesikia, yaya."

Akanishika kichwa kwa mikono miwili kama nilipokuwa mtoto, akanisukuma niende zangu.

Mvua ilinikamata njiani, ikanishikilia Kabambare hadi Jumatano. Mkeka niliufunika kwa koti langu, mimi nikalowa. Jumatano asubuhi jua likatoka, Pascal akawa anasafisha moto, nami nikauanika mkeka barazani kwa Mathieu. Watu wakaanza kuja. Mwenye duka la chumvi akaja, mwalimu akaja, mama wanaotoka sokoni wakatua vikapu. Mathieu alikuwa anawaambia wote, "Ni dada ya rafiki yangu, na haoni!" Mimi nimesimama pembeni, kifua mbele, kama ni mimi niliyesuka.

Halafu fundi cherehani wa baraza ya pili, mtu mgeni wa huko mbali, akasogea akainama. "Kazi nzuri, mzee. Lakini haikwisha. Ona huku, nyuzi zinaning'inia kama ndevu za mbuzi. Mama alichoka?"

Watu wakacheka kidogo. Kidogo tu. Lakini kwangu ilikuwa kama kamba imelegea katikati ya daraja. Miaka ishirini mzigo wangu haukuning'inia! Nikasema moyoni, yaya hakuona, maskini, alifikiri amemaliza. Nitamfichia aibu.

"Unaweza kufunga?" nikamwuliza fundi.

"Kazi ya dakika kumi."

Wale mama wa sokoni walikuwa wamekwisha kubeba vikapu vyao na kwenda. Alibaki Mathieu. "Amisi, uliza wanawake kwanza," akasema.

"Niulize nini? Mimi ninajua kufunga."

Fundi alichukua makasi, krrr, krrr, ndevu zote zikaanguka chini. Akaweka ukanda wa kitambaa cha bluu, akapitisha mashine mara mbili. Niliona pamependeza. Nilimshukuru hata kwa mikono miwili.

Kwenye kizuizi cha barabarani askari mmoja aliuliza ni nini ndani ya mzigo mrefu namna hii, bunduki? Nikafungua. Akaupapasa mkeka. "Mama yangu alikuwa anasuka," akasema. "Si hapa, kwetu mbali." Akataka kukaa juu yake, nikamwambia haukaliwi kabla ya harusi, akatoka upesi kama ameguswa na moto. Halafu akashika pindo: "Na hii bluu?"

"Nimeweka mimi," nikasema kwa majivuno.

Akanitazama kidogo, akafungua njia.

Tope lilitulaza njiani, Alhamisi mchana niliingia Kasongo. Zaina alikunjua mkeka sebuleni, na uso wake ukafunguka pamoja nao, mkono kwa mkono, mpaka akafika mwisho. Hapo akaweka kiganja mdomoni.

"Amisi. Nani amefunga?"

"Fundi wa Kabambare. Mwamini alisahau, macho..."

"Mwamini hakusahau kitu! Hakukwambia?"

"Aliniambia."

"Na wewe?"

"Nilikuwa ninasema."

Zaina akakaa chini. Ndipo nikaelezwa kitu ambacho wanawake wote wa kwetu, na Mama Kibibi pia, wanakijua, na mimi sikukijua kwa sababu mikeka nimeiona siku zote ikiwa imekwisha kutandikwa ukweni. Mkeka wa bibi harusi hautoki kwa msukaji umefungwa. Unaachwa na ndevu. Asubuhi ya kwanza, mama mkwe anakaa chini upande huu, mke wa mwanawe upande ule, wanazifunga pamoja, uzi kwa uzi. Hivyo ndivyo anavyopokelewa. Na mkeka ukiletwa umefungwa, maana yake ni neno baya: binti yetu ametimia kwetu, kwenu hana haja na mtu.

Niliupeleka mwenyewe, kwa moto, kwa majivuno, ujumbe wa kumtukana Mama Kibibi. Na ndevu zilikuwa zimebaki Kabambare, zimefagiwa.

Sikula. Nilifikiri kurudi Kwa-Mulenda, lakini harusi ni keshokutwa. Nilifikiri hata ile plastiki yenye maua. Naam, nimesema ukweli, niliifikiria.

Ijumaa baada ya sala nilirudi kutoka msikitini nikamkuta Sifa amekaa chini uani, mkeka mapajani, wembe mkononi. Telefone ilikuwa mbali, juu ya kiti. Kitambaa cha bluu kilikuwa kimekwisha kutoka. Alikuwa anafumua kanda, moja moja, kutoka mwisho kurudi ndani. Ukifumua shibiri, babu, akanieleza bila kuinua kichwa, unapata nyuzi za shibiri. Ndevu mpya.

Nikatazama vidole vyake. Juu, chini, mbili, moja. Wale wale panya ndani ya majani.

"Nani alikufundisha?"

"Bibi Mwamini. Nilikwambia umwambie ninakumbuka. Ulimwambia?"

Hilo nalo sikulifikisha.

Hapo mlango wa uani ukafunguka, na Mama Kibibi akaingia na salamu zake ndefu, amekuja kuona vyombo. Akaona mkeka umefumuliwa mwisho wake. Akaona kitambaa cha bluu chini na alama za mashine. Mwanamke huyo ana duka, macho yake yanahesabu haraka.

"Ulikuwa umefungwa," akasema. Sauti ilikuwa baridi.

Zaina alinitazama. Maneno yalinijia mengi sana: mvua, daraja, askari, fundi mgeni. Ningeweza kuyafunga vizuri, lisining'inie hata moja. Lakini nilimwona Sifa. Vidole vyake vilikuwa vimesimama.

"Ni mimi," nikasema. "Dada yangu aliuacha wazi kwa heshima yako. Aliniambia nisiuguse, sikusikiliza."

Nikaishia hapo. Zaina anasema katika ndoa yetu yote hajanisikia nikisema maneno machache hivyo.

Mama Kibibi akamgeukia Sifa, akamwuliza: "Na wewe unayefumua, nani amekuomba?"

"Hakuna mutu, mama. Ni mukeka wangu."

Yule mama akavua viatu, akakunja kitenge, akakaa chini. Akaupapasa ule mstari wa siafu kutoka mwanzo hadi vidole vya Sifa vilipofika. "Mikono hii ya kusuka," akasema, "mimi nilifikiri imekwisha." Akavuta kanda ya mwisho upande wake. "Lete wembe mwingine. Tukichelewa, Jumamosi itatukuta hapa."

"Na ile plastiki?" nikauliza. Sikuweza kujizuia.

"Babu Amisi," akasema, "ulikuwa umeanza vizuri."

Jumamosi mkeka ulitoka nyumbani kwetu na ndevu zake, mbele ya watu wote, ukapita barabara kubwa. Mama za mjini walitoka madukani kuutazama. Jumapili asubuhi wale wawili waliufunga.

Nilimtuma Pascal, alipokuwa anakwenda tena Kabambare, apeleke kwa yaya habari yote, hata ile ya makasi, na amwombe radhi kwa shibiri niliyoipoteza. Juma la pili alileta jibu. Alilisema vile vile alivyoambiwa, na mimi ninaliandika vile vile, ingawa linanihusu.

"Mwambie Amisi hakupoteza kitu. Mkeka wowote unaobebwa na mwanaume, mimi ninauzidishia shibiri moja. Aupime sasa."

Nilikwenda ukweni kwa Sifa na kisingizio cha chai. Walipotoka nje kidogo nilipiga magoti nikaupima kwa mkono wangu, kutoka pindo la dada yangu hadi pindo la mjukuu wangu.

Mikono minne. Kamili.